Bata Linasubiri Muhuri

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya duka la baba la kutengeneza baiskeli, pale barabara inapoanza kuteremka kuelekea geti la bwawa la umeme. Upande mmoja wa ubao umepinda, na anayekaa huko inabidi amwombe wa upande wa pili asinyanyuke bila kuaga. Ukuta wa bwawa unaonekana vizuri kutoka hapo, mweupe, umebanwa katikati ya vilima viwili kama jino la mbele. Maji yenyewe huyaoni mpaka uteremke. Shangazi, dada yake baba, anauza kahawa kwenye kona ya ukuta wa duka, na mimi siku nisizo na kazi huwa namsaidia kuosha vikombe. Asubuhi ninayoisimulia benchi lilikuwa limesogezwa hadi kugusa ukuta, ili kulipisha bata.

Bata hilo ni boti ya pedali, na lilikuwa juu ya mkokoteni. Mwili wake ni mapipa manne ya plastiki yaliyofungwa kwa vyuma na kupakwa rangi nyeupe, viti vyake ni viti viwili vya plastiki vilivyokatwa miguu, na mdomo wake ni beseni la rangi ya chungwa lililopasuliwa katikati. Nyuma kuna gurudumu lenye makasia madogo madogo, linalozungushwa kwa pedali na cheni. Baba alilijenga msimu mzima wa mvua, kwa sababu baiskeli siku hizi haziji. Watu wamehamia kwenye pikipiki, na pikipiki zina mafundi wake.

Ofisi ya bwawa ilikuwa imetangaza kwamba Jumamosi itafungua ufukwe wa mapumziko upande wa juu, penye nyasi na vivuli, na kwamba vyombo visivyo na injini vitaruhusiwa kubeba watu kwenye maji, mradi visivuke mstari wa maboya na mradi mkaguzi avione kwanza na kuvigonga muhuri. Mkaguzi alikuwa aje asubuhi hiyo. Baba alitwambia nyumbani, akiwa anakula, bila kuinua kichwa, kwamba bata likikataliwa atafunga duka aende kwa kaka yake akamsaidie kufuga kuku. Mama aliacha kutafuna. Baba mkubwa ana kuku wengi na maneno mengi zaidi, na hajawahi kumwita baba kwa jina lolote isipokuwa "yule wa spoku."

Kwa hiyo benchi lilikuwa limejaa mapema. Alikuwepo Turbini, mzee aliyepewa jina hilo kwa sababu zamani aliwahi kufagia korido ya nje ya chumba cha mitambo ya umeme. Ndani hakuwahi kuingia. Lakini aliisikia mitambo kupitia mlangoni, na kwa kusikia huko akawa mtaalamu. Alikuwepo Kimya, kinyozi wa kibanda cha jirani, ambaye jina lake alipewa na wateja kwa kukata tamaa. Baba mwenyewe alikuwa ameshaitwa Kapteni kabla hajagusa maji.

Na kweli hakuwa ameyagusa. Ofisi ilikataza chombo kisicho na muhuri kuingia bwawani, kwa hiyo bata lilifanyiwa majaribio nchi kavu. Kimya alikaa kiti cha abiria, baba akakanyaga pedali, makasia yakazunguka hewani, Turbini na mimi tukautikisa mkokoteni kuwa mawimbi, na shangazi akawarushia maji kwa kikombe. Kimya alishuka amekuwa wa kijivu, akaomba limau. Turbini akasema hiyo ni dalili njema, maana hakuna mtu anayetapikia baiskeli. Hiki sasa ni chombo cha majini kamili.

Mimi ndiye niliyekuwa nimesoma masharti ya ofisi. Niliyasoma hadi nikayaota. Jaketi mbili za kuokolea, saizi ya mtu mzima, zipo. Filimbi ipo. Kamba ya kuvutia ipo, haijaoza. Kopo la kuchotea maji lipo, halijatoboka. Nililimulika kwenye jua kuhakikisha. Kifungo kimoja cha jaketi kilikuwa kimelegea, nikakishona upya, kisha nikavishona upya na vile ambavyo havikulegea. Baba kwa upande wake aliongeza alivyoona vinafaa: kengele, breki mbili zenye raba mpya, taa ya dainamo, madigadi, kioo cha pembeni, keria nyuma, na stendi. Nilimuuliza stendi ya nini. Alinijibu kwamba chombo kisicho na stendi kinaonekana hakijamalizika.

Kilichoanzisha yote ni mimi kuuliza, kwa sauti ndogo, kama kuna jambo ambalo mkaguzi anaweza kuliuliza na hatujaliandaa.

Turbini alivuta funda la kahawa, akafumba jicho moja.

— Atauliza habari ya maji, alisema. — Watu wengi hawajui kwamba maji ya juu ya ukuta na maji ya chini ya ukuta si maji mamoja. Ya juu yana umeme wake ndani. Yakipita kwenye mitambo yanakamuliwa. Huku chini yanatufikia makapi.

Shangazi akauliza kama huku chini ni pamoja na bomba analotekea maji ya kahawa. Turbini akasema kwa heshima zote, ndiyo, na kwamba yeye kwa miaka mingi amekuwa akiona kahawa ya hapa haina nguvu lakini akanyamaza kwa sababu ya ujirani.

— Haina nguvu kwa sababu kila ukifika nusu ya kikombe unaomba nikuongezee maji ya moto, shangazi alisema. — Makapi ni wewe.

Nilijaribu kueleza kwamba maji yanasukuma tu mapanga ya mtambo, yanauzungusha, basi, na kwamba yanatoka upande wa pili yakiwa vilevile yalivyoingia. Turbini alinisikiliza hadi mwisho, kwa upole, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa.

— Mwanangu, alisema, — wewe ulisomeshwa maji ya kwenye vitabu.

Kimya hakuweza kuvumilia zaidi. Alikubaliana na Turbini, akasema hata yeye ana ushahidi, tena wa kitaalamu. Kuna mteja wake mmoja aliwahi kuogelea bwawani kwa siri, upande ule uliokatazwa, kesho yake akaja kunyolewa. Kimya alipomkaribia na mashine, mashine ikanguruma. Hakuwa ameichomeka. Alimnyoa kichwa kizima kwa umeme wa mteja mwenyewe, na zikabaki chaji za kumnyoa na mwanawe.

Baada ya hapo hakuna aliyewashika. Turbini akasema sasa mnaona hatari ya bata, maana makasia yatakoroga umeme ulioko kwenye maji. Kapteni akikanyaga mbele, taa za mji mzima zitang'aa kupita kiasi. Akikata kona ya kushoto zitafifia. Kimya akasema tena akikanyaga sana, mita za umeme majumbani zitaanza kuhesabu kinyume. Baba, aliyekuwa ndani ya duka akipaka cheni mafuta, akasema kupitia dirishani kwamba yeye hataki kumharibia mtu mita yake. Hakuwa anatania hata kidogo. Nilimwona uso.

Kisha wakaingia kwenye suala la kambare. Mbele ya ukuta, chini kabisa, kuna mdomo ambao maji huingilia kwenda kwenye mitambo, na mdomo huo una wavu wa chuma wa kuzuia takataka. Hilo ni kweli, na mimi kila nikiukumbuka mdomo huo viganja hutoka jasho. Kwa mujibu wa Kimya, wavu ule unasafishwa na kambare mkubwa kama kitanda, ambaye ni mwajiriwa wa ofisi.

— Tena ana kofia, alisema.

— Kofia ya nini, shangazi aliuliza.

— Ya usalama kazini.

Shangazi akataka kujua kambare anavaaje kofia wakati hana masikio. Kimya akajibu kwamba ina kamba ya kufunga kidevuni, na ndevu zake zinaishikilia. Hilo kama kinyozi ameliangalia sana. Turbini akasema amemjua kambare huyo tangu hajathibitishwa kazini.

Nilikuwa nataka kucheka, lakini kila gari lililopita juu ya barabara lilinishtua. Baba alitoka na kitambaa akafuta kioo cha pembeni cha bata, akarudi ndani, akatoka tena akakifuta tena. Shati lake lilikuwa lile analovaa misibani na kwenye vikao vya shule.

Turbini alimwangalia, akashusha sauti. Alisema kuna jambo ambalo halikuwa limezingatiwa. Mkaguzi wa kweli hajitangazi. Anakuja kama mtu wa kawaida, anakaa, anasikiliza, anakupima. Kwa hiyo kuanzia dakika hiyo kila mgeni atakayepita atendewe kama mkaguzi, lakini bila kumwonyesha kwamba tumemtambua.

Haikuchukua muda akatokea mwanamume mwenye suti ya kahawia na begi jeusi gumu. Kimya alisimama haraka kiasi kwamba upande uliopinda ulishuka na Turbini akateleza hadi chini. Mgeni alipewa kikombe cha kwanza cha birika jipya. Alipewa kiti cha dukani, kile chenye mgongo. Turbini, akiwa bado anajipangusa vumbi, alimwongoza kulizunguka bata, akimwonyesha breki, raba zake, taa, stendi. Mgeni alitikisa kichwa kukubali kila kitu. Alipiga kengele mara moja akatabasamu. Baba alisimama mlangoni mikono nyuma.

— Kazi safi sana, mgeni alisema. — Sijawahi kuona kitu kama hiki.

Kimya alinikonyeza. Shangazi alitia kikombe cha pili bila kuombwa. Mgeni akakinywa chote, akaweka begi juu ya kichwa cha bata, akalifungua. Lilikuwa limejaa pakiti za sumu ya panya. Alisema bata la ukubwa ule, hasa lile lililo na mapipa, lazima lina panya, na kwamba pakiti mbili zingetosha.

Akaondoka. Turbini ndiye aliyejirudi kwanza. Alisema alikuwa amekosea kwenye jambo dogo tu: mkaguzi hujificha mahali penye siri, lakini kwenye kazi za maji huja waziwazi, kwa gari la ofisi, na dereva. Kinachotakiwa ni nafasi ya kuegesha. Wakatoa matairi mabovu yaliyokuwa pembeni ya barabara, wakasogeza jiko la shangazi, na Kimya akachora mstari wa chaki pale gari litakaposimama.

Hapo ndipo kilipolia king'ora.

Ni king'ora cha ukutani, kinachopigwa kabla ya kufungua milango ya kupunguzia maji. Siku hiyo kilikuwa cha majaribio, ofisi ilishatangaza, na mimi niliwaambia wote juzi na jana. Hata hivyo Turbini alisimama akanyanyua kikombe chake juu ya kichwa, ili maji yakija yasikiguse. Kimya alikimbia hatua chache kuteremka, akakumbuka kwamba huko ndiko kwenye maji, akapanda. Shangazi alifunika sukari. Baba alikuwa amelikumbatia bata shingoni kwa mikono miwili.

Kiliponyamaza tulisikia baiskeli ikisukumwa. Mwanamke wa makamo, amevaa mabuti ya mpira na kofia ya kitambaa, alikuwa anapandisha kilima na baiskeli yenye tairi la nyuma lililokaa chini kabisa. Kwenye usukani alikuwa ametundika mfuko wa plastiki. Aliegesha baiskeli yake juu ya mstari wa chaki.

Turbini alimwomba, kwa adabu, aisogeze, maana tunasubiri mkubwa. Akaisogeza. Kimya alimwonyesha pa kukaa, upande uliopinda, naye akakaa akashika ubao kwa mkono mmoja kama aliyewahi kukutana na mabenchi ya namna hiyo. Aliuliza kama fundi ana nafasi. Nilitaka kumwambia arudi kesho. Moyo wangu haukuwa na nafasi ya pancha siku hiyo.

Baba hakusema kesho. Aliinua baiskeli ile juu chini, akatoa tyubu, akaijaza upepo, akaichovya kwenye ndoo na kuizungusha polepole mpaka viputo vikapanda. Akapaka gundi, akasubiri ikauke inavyotakiwa, akabandika kiraka. Kisha, wakati wengine wangerudisha tyubu, yeye alipitisha kidole ndani ya tairi lenyewe, kwa utaratibu, mpaka akaupata mwiba. Aliutoa kwa koleo akamwonyesha.

— Ningekuachia huu, dada, ungerudi hapa jioni unanitukana.

Mwanamke aliuchukua mwiba akauangalia, akauangalia na uso wa baba, akapokea kahawa yake kutoka kwangu. Shangazi alikuwa amemtilia ya chini ya birika, kwa sababu ya juu ilikuwa inatunzwa. Alikunywa bila kulalamika. Macho yake yalikuwa kwenye bata. Yalianzia mdomoni, yakapita kwenye viti, yakafuata cheni pole pole hadi nyuma kwenye makasia, yakarudi kwenye cheni, yakakaa hapo.

— Samahani, alisema. — Hili linarudije nyuma?

Nakumbuka kwamba Turbini alianza kujibu kabla mwanamke hajamaliza kuuliza, kama kawaida yake.

— Bata harudi nyuma, mama. Umewahi kumwona bata akirudi nyuma?

Mwanamke alikiri kwamba hajawahi. Akasema yeye anauliza tu, kwamba mtu amekaa ndani, amefika karibu na maboya, milango imefunguliwa na maji yanavutwa kuelekea ukutani. Huyo mtu anafanyaje.

— Anakata kona, Kimya alisema.

— Na kama upepo unamsukuma, nafasi ya kukata kona haipo?

— Anashika breki. Zipo mbili, raba mpya.

— Breki zinashika nini?

— Makasia.

— Na maji yanashikwa na nani?

Kimya alifikiri. Nilimwona anafikiri, jambo ambalo si la kila siku. Kisha uso wake ukachangamka.

— Ni rahisi, alisema. — Anashuka, analigeuza, anapanda tena.

Turbini alitikisa kichwa kukubali. Shangazi alitikisa kichwa. Hata baba alitikisa kichwa, kwa sababu maisha yake yote hivyo ndivyo mtu anavyofanya: unafika mwisho wa njia, unashuka, unanyanyua, unageuza. Na mimi, niliyeshona vifungo ambavyo havikulegea, nilitikisa kichwa pamoja nao.

Halafu tukaanza kuacha kutikisa, mmoja mmoja.

Baba alipanda kwenye mkokoteni. Aliketi kiti cha dereva, akaweka miguu kwenye pedali, akakanyaga mbele. Makasia yalizunguka vizuri. Akasimamisha miguu, akakanyaga kinyume.

Tik-tik-tik-tik-tik.

Kila mtu pale alikuwa anaujua mlio huo. Ni mlio wa friwili, yale meno ya gurudumu la nyuma yanayokuruhusu kupumzisha miguu wakati baiskeli inajiendea yenyewe. Ni mlio wa kuteremka kilima umeachia mikono. Nimeusikia tangu sijajua kusema. Makasia hayakusogea hata kidogo. Baba alikanyaga kinyume tena, taratibu, kama anayetarajia kwamba safari hii pedali na makasia vitaelewana. Tik, tik, tik. Mlio ule ulisikika hadi ng'ambo ya barabara.

Alishuka. Alisimama akiwa ameweka kiganja kwenye pipa jeupe, na niliona kuku wa baba mkubwa wote wakipita machoni pake.

Mwanamke aliweka kikombe chini, akasimama kwa uangalifu ili Turbini asianguke tena, akaenda kwenye baiskeli yake. Alifungua ule mfuko wa plastiki. Ndani kulikuwa na kidau cha wino na muhuri wenye mpini wa mbao, vimefungwa kwa mpira.

— Nilitakiwa nifike mapema, alimwambia baba. — Pancha ndiyo iliyonichelewesha.

Kimya alifuta mstari wa chaki kwa soli ya kiatu, polepole, akidhani haonekani. Turbini aliangalia ukuta wa bwawa kama aliyeuona kwa mara ya kwanza. Mimi nilikuwa nakumbuka neno kwa neno habari za kambare.

Baba hakujitetea. Alisema tu kwamba ameona. Mwanamke akamuuliza atahitaji muda gani. Baba akasema kuna mchomeleaji mtaa wa pili. Friwili ikichomelewa na gurudumu lake vikawa kitu kimoja, pedali zitaamuru pande zote mbili. Alisema hayo akiwa ameshachukua spana.

— Basi bado sijafika, mwanamke alisema. — Nitafika alasiri.

Akapanda baiskeli yake, akajaribu tairi, akateremka. Tuliisikia friwili yake ikilia tik-tik-tik mpaka getini.

Sitaeleza mchana ule wote. Baba alirudi kutoka kwa mchomeleaji akiwa na alama nyeusi kwenye shati la vikao. Cheni ilitolewa ikarudishwa. Benchi lilitoa ushauri ambao haukutumika. Turbini aliamua kwamba mabata wa zamani walikuwa wanarudi nyuma, ni hawa wa siku hizi ndio walioharibika. Kimya akataka kujua kama kambare alishawahi kuulizwa maoni yake, shangazi akamwambia anyamaze, na alinyamaza kweli, labda kwa sababu alikuwa ameshika upande mmoja wa ekseli kwa niaba ya baba na ilikuwa nzito.

Alasiri mwanamke alirudi. Safari hii alipewa kiti chenye mgongo, akakikataa, akakaa upande uliopinda. Baba alipanda bata. Alikanyaga mbele, makasia yakaenda mbele. Alikanyaga kinyume, makasia yakaenda kinyume. Niliinamisha sikio kabisa karibu na cheni kutafuta ule mlio. Haukuwepo.

Mwanamke aliinama akagusa ulipochomelewa. Akajaribu jaketi, akavuta kila kifungo kwa nguvu, vyote vikashika. Akapuliza filimbi. Aliipiga na kengele, ingawa haimo kwenye masharti. Kisha akasema kwamba nchi kavu ameridhika, lakini muhuri haugongwi nchi kavu. Chombo lazima aone kinakwenda hadi kwenye maboya na kurudi kinyume hadi ufukweni, viti vyote viwili vikiwa na watu, kwa sababu kikiwa na mmoja kitalalia upande. Yeye mwenyewe atakuwa ufukweni na kamba.

Akatuangalia.

— Nani anakaa kiti cha pili?

Kikombe cha Turbini kilikuwa kitupu, naye akakiangalia ndani kwa makini. Goti lake lilianza kumuuma, akalikanda. Kimya alitamka neno limau, peke yake, bila sentensi. Baba hakumtazama mtu yeyote. Alikuwa anafuta kioo cha pembeni. Nilikuwa nimeshika jaketi ya pili mikononi. Niliyajua masharti yote. Nilijua kina cha maji kwenye maboya, na nilijua ule mdomo uko umbali gani na wavu wake, na mdomo wangu mimi haukufunguka.

Shangazi aliinua birika, akalitikisa, akaliinamisha juu ya kikombe cha Turbini. Lilitoa tone moja.

— Kahawa imekwisha, alisema.

Akafunika jiko, akajifuta mikono kwenye kanga, akaichukua jaketi mikononi mwangu na kuivaa. Nilimfunga vifungo. Alipanda mkokoteni akakaa kwenye kiti cha abiria, mkoba wake mapajani, akamwambia kaka yake aache kusugua hicho kioo kitakwisha.

Njia ya getini ni mteremko, na mkokoteni haukuwa na breki hata moja; zote zilikuwa kwenye bata. Tungeusukuma kwa nyuma ungetukimbia. Ikabidi Turbini na goti lake, Kimya, na mimi tuushike kwa mbele na kuuzuia kwa vifua vyetu. Mkaguzi alitangulia na baiskeli yake, baba akakaa kiti cha dereva, shangazi akapiga kengele, na benchi zima tukateremka kwenda bwawani tukitembea kinyumenyume.